Wa pili hufa kwa huruma!

  Ujumbe wenu kuhusu mama wakwe wanaohamia bila taarifa nimeupata, na mwingine umenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini leo mniwie radhi. Leo hatuongelei wakwe, wala mapenzi, wala mitindo ya nywele. Leo tunaongelea shimo.

Ndiyo, shimo. La choo, la kisima, la karo. Najua kuna mtu hapo keshakunja pua na anataka kufungua ukurasa wa michezo. Subiri kidogo ndugu yangu. Kama unaishi nyumba ya kupanga huku uswahilini kwetu, basi shimo unalo, lipo hatua ishirini tu kutoka kitandani kwako. Siku moja litajaa, na mtoto wa mtu ataambiwa aingie.

Kwetu lilijaa masika haya. Nyumba yetu ina vyumba sita na choo kimoja, hesabu fanya mwenyewe. Baba mwenye nyumba akaona isiwe tabu, akawaita vyura. Kwa msomaji wa mikoani ambaye hajui, hapa Dar es Salaam vyura ni wale vijana wanaotapisha vyoo kwa mikono. Wanakuja usiku watu wakishalala, wanachimba shimo jingine pembeni, wanatoboa ukuta, kilichomo kwenye choo kinahamia kwenye shimo jipya, wanafukia, wanaondoka kabla ya adhana. Kinachobaki chini kikiwa kizito hakitaki kutembea, mmoja anazama na ndoo na koleo. Ndiyo maana wakaitwa vyura.

Mimi na udaku wangu sikuweza kunyamaza. Asubuhi yake nilimkuta mkubwa wao kijiweni, kwenye kahawa, kaoga kang'aa, huwezi kumdhania. Nikamwagizia kashata mbili nikamwambia kaka, mimi naandika kwenye gazeti, nataka kujua kazi yenu. Alicheka sana. Akasema dogo, watu wote wanataka tumalize tuondoke, wewe unataka stori?

Akanipa. Mafuta ya taa wanamwaga kwanza ili kuua harufu. Chumvi nayo wanaweka, wanasema inalainisha. Kabla ya kushuka mtu anapiga kidogo cha kumtoa aibu, si unaelewa. Usiku ule wa kwetu walilipwa elfu themanini, wakagawana watatu. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mtu yeyote: huogopi uchafu? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Uchafu unatoka kwa sabuni," akasema. "Mimi naogopa harufu ikikatika."

Nikadhani nimesikia vibaya. Harufu ikikatika si ndiyo raha yenyewe? Akasema hapana. Ukiwa ndani, harufu inakupiga, inakutoa machozi, hiyo nzuri, bado upo. Ila ukifika mahali ukaona ghafla hakunuki tena, kama vile umehamia Oysterbay, hapo usimalizie hata ndoo uliyoishika. Toka! Aliambiwa hivyo na aliyemfundisha kazi, na yeye hajui kwa nini.

Wasomaji wangu, mimi kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo hayahusiani na safu hii. Lakini somo la kemia nililipenda, na maneno ya yule kaka yalinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kuuliza watu na kusoma. Nilichokikuta ni kwamba yule bwana, bila darasa, ameshika jambo ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani wanalifundisha kwa pesa nyingi.

Kinachonuka chooni kama yai viza ni hewa iitwayo haidrojeni salfaidi. Inatengenezwa na uchafu unaooza mahali pasipo na hewa safi. Ikiwa kidogo, pua inaipata haraka sana. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni, ndani ya dakika chache inaua ule uwezo wa pua kunusa. Yaani harufu haijaondoka, pua ndiyo imekufa ganzi! Ikizidi ikafika sehemu 700 mpaka 1,000 katika milioni, mtu anavuta pumzi moja, mbili, anaanguka kama gunia. Hapati hata nafasi ya kuita mama. Kwa hiyo ile dalili ya kaka yangu ni ya kweli, ila haitoshi, kwa sababu kuna siku harufu haitakatika polepole. Kuna siku hewa itakuja kwa mkupuo.

Inakujaje kwa mkupuo? Ukikoroga. Hewa hii inakaa imejificha ndani ya ule uji mzito, kama gesi ndani ya soda. Unafungua mfuniko, unasubiri, unaona pametulia, unashuka. Unapiga koleo la kwanza, ni sawa na kutikisa chupa ya soda na uso wako upo juu yake. Na kwa kuwa ni nzito kidogo kuliko hewa ya kawaida, haina haraka ya kupanda juu, inabaki chini na wewe uliyeinama.

Ile mafuta ya taa nayo ni balaa jingine. Inafunika harufu tu, sumu haiigusi. Tena chooni kuna methani, ambayo ni gesi ile ile inayopikia kwa wenye mitambo ya samadi ya ng'ombe. Hiyo ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 5 hadi 15 katika 100 inalipuka. Sasa wewe umemwaga mafuta ya taa, halafu unashusha kibatari ili mwenzio aone. Mungu anatupenda sana watu wa Dar es Salaam.

Mpaka hapo nilidhani nimepata makala. Kumbe makala yenyewe ilikuwa bado.

Mama mmoja mteja wa genge la shangazi yangu aliposikia naulizia mashimo, akanielekeza kwa mzee mmoja fundi visima, anakaa pande za Chanika. Nikapanda daladala, nikafika nimekuwa mweupe kwa vumbi. Nikamkuta anakarabati ndoo. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu kigoda. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, amechimba visima tangu akiwa kijana kule kwao Singida. Nikamwambia nilichofuata. Akakaa kimya muda, nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Ndipo akaanza.

Walikuwa ndugu watatu kazini: yeye, mdogo wake wa tumbo moja, na mtoto wa mama yao mdogo. Kisima kilikuwa kimeshafika maji, mita kumi na kitu kwenda chini, lakini maji yanajaa haraka kuliko wanavyochota. Mwenye kisima akaazima pampu ya petroli. Mpira wa pampu ulikuwa mfupi, haufiki kutoka juu, basi wakatengeneza kichanja ndani ya kisima, karibu na maji, pampu ikawekwa pale, ikanguruma. Maji yakatoka vizuri sana, watu wakapiga vigelegele. Walipoizima, mdogo wake akashuka kumalizia kuchimba.

"Alifika chini akatazama juu, akanionyesha kidole hivi," mzee akainua dole gumba. "Kisha akakaa. Nikadhani anafunga kiatu."

Hakuinuka. Wakamwita, kimya. Yule ndugu wa pili hakusubiri, akashika kamba akateleza chini, anasema kapatwa na kifafa. Mzee anasema alimwona akimshika mwenzie mabega. Halafu akamlalia juu yake, taratibu, kama watu waliolala.

Wa tatu alikuwa ni yeye. Mguu mmoja ulishaingia. Mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa amekuja kuona maji akamkumbatia mguu uliobaki nje, akapiga mayowe, wanawake wengine wakaja wakamlalia. Alimtukana yule mama matusi yote anayoyajua. Alimpiga hata. Yule mama hakuachia.

Mzee aliposema hivyo alirudi kwenye ndoo yake, akaendelea kugonga. Nami sikuuliza kitu kwa muda.

Kijijini walisema nini? Si mnajua. Kisima kina mwenyewe. Kuna jini la maji limekasirika, watu hawakuomba ruhusa, mwenye kisima kamtoa mtu kafara apate utajiri. Mbuzi akachinjwa, kisima kikafukiwa. Mwenye kisima alihama. Na mzee mwenyewe, fundi, aliamini jini kwa miaka mingi, mpaka siku moja alipofanya kibarua na watu wa mashine za kuchimba, fundi wao mmoja akamuuliza tu: ile pampu ilikuwa ndani au nje?

Mnaona basi. Injini ya petroli inatoa moshi, na ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi. Hewa hii haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu inakaa kwenye kiti cha oksijeni, na oksijeni ikija inakuta kiti kimekaliwa. Ni hewa ile ile inayoua watu waliofunga milango na jiko la mkaa ndani, habari ambazo tunazisikia kila majira ya baridi kutoka Nyanda za Juu. Hakuna anayesema jiko la mkaa lina jini. Sasa kwa nini shimo liwe nalo?

Na hata bila pampu, shimo linaweza kuua. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Chini kwenye kisima cha zamani, majani yaliyoangukia yanaoza, udongo wenyewe unakula oksijeni, na hewa ya ukaa, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, inatulia chini kama maji ndani ya bakuli. Oksijeni ikishuka mpaka 10 katika 100 mtu anazimia. Ikishuka chini ya 6, dakika chache tu kwisha habari yake. Tena hasikii kukosa pumzi kama aliyekabwa. Anasikia usingizi, miguu inamwisha nguvu, wakati mwingine hata anajisikia mchangamfu. Ndiyo maana mdogo wake mzee alikaa chini kama mtu anayefunga kiatu.

Jini mwenye tabia za namna hii tunamjua. Anapenda mashimo yaliyofunikwa muda mrefu, anapenda moshi wa injini, anapenda uchafu uliokorogwa. Na chakula chake anachokipenda kuliko vyote ni ndugu wa marehemu.

Sisemi kwa kutia chumvi. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo mwaka 1986 baada ya kuchunguza vifo vya watu walioingia kwenye matangi, mashimo na mabomba makubwa. Ikasema zaidi ya 60 katika kila 100 waliokufa walikuwa waokoaji! Soma tena hapo. Waliotumwa kazini walikuwa wachache. Wengi ni wale waliomfuata mwenzao kwa huruma.

Na usifikiri hili ni letu sisi wa ndoo na kamba. Januari 2017 huko Key Largo, Florida, mafundi walikuwa wanashughulikia shimo la chini ya barabara, kina chake kama mita nne na nusu, ambazo hazifiki hata ghorofa mbili. Akashuka mmoja akapotea. Akashuka wa pili kumtafuta. Akashuka wa tatu. Wote watatu wakafa kwa hewa mbaya. Wakaja zimamoto na vifaa vyao vyote, lakini mdomo wa shimo ulikuwa mwembamba, mtu hapiti akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Mwanazimamoto mmoja akavua mtungi akaingia hivyo hivyo. Akazimia hapo hapo, akatolewa hali mbaya, akapona kwa tundu la sindano. Huyo ni mtu aliyesomea uokoaji! Huruma haina cheti.

Hapa nyumbani wazee wa Mererani hawatasahau Juni 2002, wachimbaji wa tanzanite wapatao 40 walipofia chini ya ardhi kwa kukosa hewa. Wenyewe wanajua kwamba huko chini hewa ni kitu cha kupelekewa, kama chakula. Sisi wa vyoo na visima ndio tunadhani hewa inajileta.

Najua kuna fundi anasoma hapa anasema, huyu kijana hajui kitu, sisi tunashusha mshumaa kwanza, ukizimika hatuingii. Mzee wa Chanika naye ana mshumaa wake ndani ya kopo. Ni jambo jema, lakini tuambiane ukweli. Mshumaa unazimika oksijeni inapofika kama 16 katika 100, kwa hiyo ukizimika usiingie kabisa. Ila usipozimika haujasema chochote kuhusu ile sumu ya yai viza wala ya moshi wa pampu, maana hizo zinaua kwa kiasi kidogo sana ambacho mshumaa hauna habari nacho. Na kwenye shimo la choo mshumaa usishushwe hata kwa bahati mbaya, kwa sababu ya methani. Waingereza walikuwa wanashuka migodini na ndege mdogo kwenye tundu, ndege akianguka watu wanakimbia. Waliwatumia hao ndege mpaka mwaka 1986, ndipo vikaja vipimo vya umeme. Kipimo hicho leo ni kidude cha kushika mkononi, kinalia hewa ikiharibika. Kwa kijana wa ndoo bei yake ni ndoto, lakini kwa wenye makampuni ya maji, viwanda na hoteli sioni kisingizio.

Na barakoa? Kitambaa kilicholoweshwa maji? Haisaidii kitu. Kitambaa kinazuia vumbi, hewa mbaya inapita humo kama mbu kwenye neti iliyochanika. Hata ile barakoa ya kupakia rangi yenye vichujio haitengenezi oksijeni mahali ambapo haipo. Kubana pumzi ndiyo usiseme. Jaribu hapo ulipo kubana pumzi, halafu mwinue mwenzako wa kilo sabini umpandishe ngazi. Utavuta pumzi kabla hujafika magotini, na hiyo pumzi ndiyo itakayokulaza.

Mzee ana dawa nyingine, ya matawi. Anafunga tawi kubwa lenye majani kwenye kamba, analishusha na kulipandisha mara nyingi kabla ya kuingia, ili hewa ya chini ichanganyike na ya juu. Kwenye kisima inasaidia kiasi. Bora zaidi ni feni au mashine ya kupuliza iliyo juu, mpira wake ufike mpaka chini kabisa, na iendelee kupuliza wakati wote mtu yupo ndani. Si kupuliza dakika kumi halafu mnazima kuokoa umeme. Na injini yoyote ikae mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi wake ndani. Mpira mfupi? Nunua mwingine. Mpira ni bei rahisi kuliko sanda tatu.

Lakini kubwa kuliko yote ni kamba. Nilirudi kwa kaka yangu chura nikamweleza haya yote, harufu na pua na soda. Alinisikiliza vizuri sana. Nikamuuliza, mnayo kamba?

"Kamba tunayo," akasema. "Ila ni ya ndoo."

Ndoo inafungwa kamba, mtu hafungwi! Nikamwambia kaka, hiyo hiyo kamba, au iliyo imara zaidi, mtu aifunge kabla hajaingia, ipite kifuani chini ya makwapa na juu ya mabega, isiwe kiunoni tu, maana ukimvuta mtu aliyezimia kwa kiuno anakunjika anakwama. Ncha nyingine ibaki nje, na nje wawepo watu wawili wenye nguvu, kazi yao iwe hiyo tu: kumtazama na kumsemesha. Akichelewa kujibu, vuta. Usiulize kwa nini hajibu. Ukimvuta ukakuta alikuwa anakutania, mtukane akiwa juu. Mtu aliyefungwa kamba anaokolewa na watu ambao hawajaingia. Mtu ambaye hakufungwa anasubiri mtu wa huruma.

Na kama hakufungwa na ameanguka? Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo nilipoona umuhimu wa yule mama wa maandazi. Kazi ya kwanza ni kuwazuia walio juu. Wazuieni kwa nguvu, hasa kaka zake, hasa baba yake. Piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, na useme wazi kwamba mtu yupo ndani ya shimo na hewa ni mbaya, ili waje na mitungi ya hewa wakijua wanakwenda wapi. Wakati mnasubiri, pelekeni hewa chini: feni, mashine ya kupuliza, chochote kisichotoa moshi. Shusheni kamba yenye kitanzi, huenda akapata fahamu akaishika. Ni kidogo, najua. Kusimama juu ya shimo ndugu yako yupo chini ni mateso ambayo simwombei mtu. Mzee aliniambia mpaka leo ndotoni bado anamtukana yule mama. Lakini ana watoto wanne aliowazaa baada ya siku ile.

Sasa nigeukie upande wa pili, na hapa wengine tutakosana. Kwa nini mtu azame chooni wakati magari ya kunyonya maji machafu yapo? Baba mwenye nyumba wangu nilimuuliza kwa heshima zote, maana kodi ya mwezi huu nilikuwa bado. Akanijibu mambo mawili. Kwanza, gari haliingii uchochoroni kwetu. Hilo kweli, kwetu hata guta linapita kwa kuomba. Pili, akasema, hata likiingia, mpira unaziba.

Unaziba na nini? Muulize kaka yangu chura anachokitoa humo. Matambara, chupa za soda, pedi, viatu, siku moja pasi ya mkaa. Na pampasi, pampasi, pampasi! Choo chenye uchafu wa majimaji kinanyonywa na mashine, mtu hashuki. Choo kilichogeuzwa dampo hakinyonyeki, ndipo anatafutwa kijana wa kuzama. Kwa hiyo wewe mama nanihii unayenyata usiku na mfuko mweusi ukadhani hakuna anayekuona, jua kwamba ile pampasi ndiyo inayomshusha mtoto wa mwenzio shimoni. Na wewe baba unayetupa chupa ya ulichokunywa ili mkeo asiione, wewe pia.

Kwa uchochoro nako dawa ipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 hapa Dar es Salaam imekuwepo pampu ya mkono iitwayo Gulper. Ni bomba refu lenye mpini, unasimama juu kama unayepampu maji ya kisima, uji unapanda wenyewe unaingia kwenye mapipa, mapipa yanabebwa na pikipiki ya magurudumu matatu. Hakuna anayezama. Nayo pia inashindwa na matambara, narudia.

Sheria je? Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, wenye kazi ya kukagua. Kiwandani mwajiri anabanwa. Lakini chura mwajiri wake nani? Baba mwenye nyumba anasema mimi nimewapa kibarua tu. Wapangaji tunasema choo si chetu. Kazi inafanyika usiku kwa sababu sisi wote tunataka isionekane, na kazi isiyoonekana haina mkaguzi. Kijana akifia humo, asubuhi itasemwa alikuwa amelewa.

Basi mimi nimeanza na kwetu. Nimewaambia wapangaji wenzangu mwaka huu tusisubiri kijae mpaka juu, tuchange na baba mwenye nyumba atoe nusu, tuwaite wenye pampu ya mkono mapema, na pipa la taka liwekwe uani ili mtu asiwe na sababu. Baba mwenye nyumba amekubali, nami nimeshangaa. Kati ya vyumba sita, mpaka naandika haya wametoa wanne. Wa tano anasubiri mshahara. Jamaa wa chumba cha mwisho amekataa katakata, anasema yeye anakula kazini, kwa hiyo choo cha nyumbani hakitumii.